Watetezi wa uhuru wa maoni wako aina tatu, linganisha kabla hujachagua upande

Kila siku mtandaoni kuna mtu anajitangaza mtetezi wa uhuru wa maoni, na mi nimefika mahali nauliza swali moja tu: maoni ya nani? Maana ukimfuatilia mtu kwa mwaka mmoja unakuta wengi hawatetei uhuru, wanatetea wenzao, na siku anayezibwa mdomo ni mtu wasiyempenda ama wanauchuna ama wanageuka wanasheria wa ghafla wa kukueleza kwa nini kesi hii ni tofauti. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sasa kama unataka kuchagua msimamo wako, au shirika la kuunga mkono, au hata nani wa kumsikiliza kwenye haya mabishano, naona wako wa aina tatu. Kuna anayetetea kila mtu mpaka adui yake. Kuna anayetetea watu wake tu ila hasemi hivyo. Na kuna anayesema wazi kwamba maneno haya ruksa, yale marufuku, na kayaandika kwenye sheria. Kesi nitakazotumia nyingi ni za Marekani na Ulaya kwa sababu huko ndo kujisifia uhuru wa maoni kumeshamiri kuliko kwingine, ila Rwanda na Tanzania pia zimo, na zimo kwa sababu.

Anayetetea kila mtu

Huyu ni adimu. Mfano wake mkubwa ni Skokie, mji mdogo jirani na Chicago, mwaka 1977. Kikundi kidogo cha Manazi wa Kimarekani chini ya Frank Collin kilitaka kuandamana pale na sare zao na alama zao za swastika, na Skokie haikuchaguliwa kwa bahati mbaya, ulikuwa mji wa Wayahudi wengi na ndani yake walikuwemo manusura wa kambi za Hitler, watu wenye namba kwenye mikono. Mji ukaenda mahakamani kuzuia na ukatunga masharti, mojawapo ni kwamba anayetaka kuandamana awe na bima ya dola 350,000, hela ambayo kikundi kile kisingeipata hata kwa mtutu.

Aliyesimama kuwatetea Manazi ni ACLU, lile shirika la Marekani la kutetea haki za raia. Wakili wao David Goldberger, Myahudi. Mkurugenzi mkuu Aryeh Neier, Myahudi, kazaliwa Berlin 1937 na familia yake ikakimbia Ujerumani akiwa mtoto mdogo. Yaani huyu mtu hakuhitaji kuelezewa na yeyote Nazi ni nini. Wanachama walijitoa kwa maelfu, michango ikaporomoka, na bado hawakuiacha kesi mpaka mahakama zikawapa ushindi. Mwisho wa siku Manazi hata hawakwenda Skokie, walifanya mkutano wao Chicago mwaka 1978 na habari ikaishia hapo.

Kwa nini wajiingize kwenye aibu ile? Hoja yao ilikuwa ya kihesabu zaidi kuliko ya huruma: masharti ya bima na vibali vya namna ile ndo yalikuwa yakitumika kule kusini kuwazuia waandamanaji weusi wa haki za kiraia. Ukiuruhusu mji wa Wayahudi uwazuie Manazi kwa sababu wakazi wataumia, umeshauruhusu mji wa wazungu wabaguzi kumzuia Martin Luther King kwa sababu hiyohiyo, wakazi wataumia. Sheria haina macho ya kumtambua mbaya ni yupi.

Na hili watu weusi wenyewe waliliona. Mwaka 1968 Eleanor Holmes Norton, wakili kijana mweusi, alikwenda Mahakama Kuu ya Marekani kutetea chama cha wazungu wabaguzi kilichozuiwa kufanya mkutano Maryland, na akashinda. Mwaka huohuo akamtetea George Wallace, gavana aliyekuwa nembo ya ubaguzi, apewe uwanja wa kufanyia mkutano New York. Mwaka 1993 kule Texas wakili mweusi Anthony Griffin akamtetea kiongozi wa Ku Klux Klan ambaye serikali ya jimbo ilitaka orodha ya wanachama wake, na kinga aliyoitumia ilitoka kwenye kesi ya mwaka 1958 ambapo chama cha watu weusi, NAACP, kiligoma kuipa Alabama orodha ya wanachama wake na mahakama ikakilinda. Griffin wakati ule alikuwa pia mwanasheria wa NAACP Texas, wakamwondoa. Alipoteza cheo kwa kutumia sheria ya NAACP kumtetea adui wa NAACP. Mi hapo huwa nasimama kidogo.

Kuna ya juzijuzi pia. Chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, ambacho ACLU hawaivi nacho chungu kimoja, kilimshtaki ofisa mmoja wa New York kwa madai kwamba aliyabana makampuni ya bima yaache kufanya nacho biashara kwa sababu ya misimamo yake ya kisiasa. ACLU ndo wakabeba kesi ya NRA, na mwaka 2024 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani, wahafidhina kwa waliberali, wakasema ofisa wa serikali hawezi kumziba mtu mdomo kwa kuyatisha makampuni anayoyategemea. Hii kesi ikumbuke, tutairudia.

Lakini tusimpambe sana. Udhaifu wa mtetezi huyu ni kwamba maumivu hayamfikii yeye peke yake, yanawafikia wale wanaotukanwa, na hao hawakuulizwa. Agosti 2017 tawi la ACLU la Virginia lilipigania kibali cha mkutano wa wabaguzi Charlottesville, wakaja wengine na silaha, na mmoja wao akaliendesha gari kwenye kundi la wapinzani, akamuua Heather Heyer. Baada ya hapo shirika likasema halitatetea wanaoandamana na bunduki, na ndani yao wenyewe kukawa na mvutano kama bado ni watetezi wa kila mtu au wamechagua upande. Kwa hiyo hata huyu wa kwanza anachoka, usimuone malaika.

Anayetetea watu wake

Hawa ndo wengi, na wako kila upande. Atakayesoma sehemu hii akasema umewaonea wa kwetu, basi huyo ndo ninayemwongelea.

Anza na Paris, Januari 2015. Watu 12 wameuawa kwenye shambulio la ofisi za gazeti la Charlie Hebdo, na tarehe 11 viongozi wa nchi zaidi ya 40 wanapanga mstari mbele ya kamera kutetea uhuru wa vyombo vya habari. Ukiangalia mstari wenyewe sasa: waziri mkuu wa Uturuki yumo, nchi iliyokuwa na waandishi jela. Waziri wa mambo ya nje wa Misri yumo, na siku ileile waandishi wa Al Jazeera wako gerezani Cairo. Saudia nayo ililaani shambulio, na tarehe 9, siku mbili kabla ya maandamano, ilikuwa imemchapa Raif Badawi viboko 50 vya kwanza kati ya 1,000 hadharani kwa sababu ya alichoandika kwenye blogu yake. Na Charlie Hebdo wenyewe, waliokuwa alama ya kusema lolote kuhusu yeyote, mwaka 2008 walimfukuza mchoraji wao mkongwe Siné kwa makala iliyohusu mtoto wa rais Sarkozy na ikaonekana ina chuki kwa Wayahudi, akaambiwa aombe radhi akagoma. Hakustahili kufa mtu yeyote pale, hilo halina mjadala, ila mchango wa gazeti kwenye hoja ya "hatuna mwiko" uwe na alama ya kuuliza.

Katuni zenyewe zina historia ya kuchekesha kama una roho ngumu. Jyllands-Posten la Denmark lilichapa katuni za Mtume Septemba 2005 likisema linatetea uhuru, baadae ikajulikana kwamba mwaka 2003 mhariri wake mmoja alizikataa katuni za Yesu kwa maelezo kwamba wasomaji hawatazifurahia. Iran nayo ikaja juu, gazeti la Hamshahri likaandaa mashindano ya katuni za Holokosti mwaka 2006 ili eti kuwapima watu wa Magharibi kama kweli wana uhuru, pointi nzuri tu kwenye mdahalo, ila Mei ya mwaka huohuo Iran hiyohiyo ikamfunga mchoraji wake Mana Neyestani kwa katuni ya mende aliyetamka neno la Kiazeri, lugha ya jamii ya wachache huko. Leo anaishi Paris.

Halafu Marekani ya sasa, hapo ndo utachoka kabisa. Januari 2021 Twitter ilipomfungia Trump, kundi moja likasema ni kampuni binafsi inafanya inavyotaka, kundi jingine likalia udikteta. Oktoba 2022 Elon Musk akainunua kwa dola bilioni 44, na makundi yakabadilishana maneno kama wachezaji wanavyobadilishana jezi: waliosema kampuni binafsi wakaanza kulia, waliolia wakaanza kusema ya kwake afanye atakavyo. Musk mwenyewe, aliyejiita mtetezi wa uhuru wa maoni bila mipaka, mwezi Novemba aliandika kwamba hataifungia hata akaunti inayofuatilia ndege yake, Desemba akaifungia, akaongeza na waandishi wa New York Times, CNN na Washington Post walioiandika habari hiyo.

Vyuo vikuu vilevile. Miaka mingi vilikuwa vikiita watu kamati za nidhamu kwa mzaha au kwa kutumia neno lisilofaa, halafu Desemba 2023 marais wa Harvard, Penn na MIT wakaketishwa mbele ya Bunge wakaulizwa kama kuitisha mauaji ya Wayahudi ni kosa chuoni, wakajibu inategemea na muktadha. Kisheria jibu lile halikuwa baya kihivyo. Shida ni kwamba hao wengine wote walionyimwa muktadha walikuwa wanaangalia. Na wabunge waliokuwa wakiwabana, wengi wao ndo walewale waliokuwa wakilalamika kwamba vyuo vinaziba watu midomo, sasa wanadai vizibe zaidi.

Januari 20, 2025, siku ya kuapishwa, Trump akasaini amri ya kurudisha uhuru wa maoni na kukomesha udhibiti wa serikali. Februari makamu wake JD Vance akaenda Munich kuwasomesha Wazungu wa Ulaya kwamba wanaogopa sauti za wananchi wao. Machi, mwanafunzi wa PhD kutoka Uturuki aliyekuwa akisoma chuo kikuu cha Tufts akakamatwa barabarani na maofisa waliofunika nyuso, akakaa kizuizini Louisiana wiki sita hivi mpaka jaji alipoamuru aachiwe, na kilichoonekana dhidi yake ni makala ya gazeti la chuo aliyoiandika na wenzake kukosoa chuo chao kuhusu Gaza. Makala. Ya gazeti la chuo.

Septemba mwaka huohuo mwenyekiti wa tume ya mawasiliano, Brendan Carr, akatoa maneno ya vitisho kwa kituo cha ABC kuhusu mchekeshaji Jimmy Kimmel, kipindi kikatolewa hewani, kikarudi kabla ya wiki kwisha baada ya kelele. Na hapa ndo ile kesi ya NRA inarudi. Ofisa wa serikali kuitia hofu kampuni ili imzibe mtu, hilo ndo majaji tisa walilikataa mwaka mmoja nyuma kwa faida ya wenye bunduki, na hukumu hiyohiyo ndo ikawa silaha ya watetezi wa mchekeshaji anayetaka bunduki zidhibitiwe. Kwa haki niseme kwamba seneta Ted Cruz, mtu wa Trump kabisa, alisimama akasema alichofanya Carr ni mtindo wa kimafia. Mara moja moja wanajitokeza.

Anayechora mistari hadharani

Huyu wa tatu, Ujerumani na Ufaransa, anadharauliwa sana na Wamarekani lakini ana heshima yake. Hakudanganyi. Ujerumani kukana Holokosti unaweza kwenda jela hadi miaka 5, na ukiwauliza kwa nini wanakuonyesha historia yao. Ufaransa ina sheria kama hiyo tangu 1990. Unajua mapema ukuta uko wapi.

Hoja yake ya nguvu kuliko zote haiko Ulaya ila iko kwa majirani zetu. Rwanda, 1994, redio ya RTLM ilikuwa ikitaja watu kwa majina na mahali walipojificha ili wakauawe, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ikawatia hatiani Nahimana, Barayagwiza na Ngeze, watu wa redio na gazeti. Mtu wa Kigali akikwambia maneno yanaua hakupi nadharia. Ila zingatia, ile ya RTLM hata kwa kipimo cha Marekani isingepona, maana kesi ya Brandenburg ya mwaka 1969 ilishasema kuchochea vurugu za papo hapo hakulindwi, na kutoa anwani ya mtu aende akachinjwe ni zaidi ya kuchochea.

Tatizo la mistari ni kwamba anayeishika kalamu ana watu wake na yeye. Ufaransa huwezi kukana Holokosti ukaponea, lakini sheria ya kukana mauaji ya Waarmenia baraza la katiba liliifuta Februari 2012, kwa hiyo maumivu ya wengine yana sheria na ya wengine hayana. Siku tatu baada ya yale maandamano makubwa ya Paris, mchekeshaji Dieudonné akakamatwa kwa posti moja ya Facebook, akapewa kifungo cha nje cha miezi miwili. Wanaharakati waliosimama supamaketi kuhamasisha watu wasinunue bidhaa za Israeli walitozwa faini na ikabidi mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya iseme mwaka 2020 kwamba Ufaransa imekosea. Oktoba 2023 waziri wa mambo ya ndani akaagiza maandamano ya kuunga mkono Palestina yazuiwe nchi nzima, mahakama ikasema sio kwa jumla, kila maandamano yaangaliwe kivyake.

Ujerumani ilikuwa na kifungu cha zamani kinacholinda viongozi wa nchi za nje wasitukanwe, watu wengi hata walikuwa hawajui kipo, mpaka 2016 rais wa Uturuki, Erdoğan, alipokitumia dhidi ya mchekeshaji Böhmermann aliyemsomea shairi la matusi kwenye televisheni. Kansela Merkel akaruhusu kesi iendelee, baadae ikafutwa, na kifungu chenyewe kikaondolewa kuanzia 2018. Huo ndo ubora wa huyu wa tatu, kukiwa na mahakama inayomgomea waziri anajirekebisha.

Na pale ambapo hakuna? Sheria ya Rwanda dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari ina sababu nzito kuliko sheria zote nilizozitaja, na bado Victoire Ingabire aliyerudi nchini 2010 kuingia kwenye siasa akaishia na kifungo cha miaka 15, na Mahakama ya Afrika, iko Arusha pia, ikasema mwaka 2017 kwamba haki yake ya kujieleza ilivunjwa.

Tanzania je. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa na Waingereza kwa kashfa ya jinai kwa sababu ya alichoandika kwenye Sauti ya TANU kuhusu wakuu wa wilaya wa kikoloni, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita, akalipa. Ungetegemea aliyepigwa na rungu lile alichome moto akilipata. Halikuchomwa. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilibaki na kosa la uchochezi na ikampa waziri nguvu ya kufungia gazeti, MwanaHalisi likafungiwa 2012, ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na uchochezi bado umo, mpaka Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2019 ikasema vifungu vile vinakiuka mkataba wa jumuiya. Uingereza yenyewe iliyotuletea hilo kosa ilishalifuta kwao mwaka 2009.

Kwa hiyo nani?

Kama unaishi mahali ambapo mahakama inaweza kumwambia waziri hapana na waziri akatii, na jamii ina kidonda cha mauaji bado kibichi, sikulaumu ukimchagua wa tatu. Dai tu mistari iwe michache, iandikwe kwa maneno ambayo hata mtu wa kawaida anayaelewa, na ipimwe kwa majeraha ya kila kundi sio la mwenye kura nyingi.

Kama polisi wanasubiri simu ya mkubwa ndo wajue nani kachochea, na sisi wengi tunaishi hapo, basi mi namchagua wa kwanza bila kusita, na sio kwa sababu napenda wabaguzi wasikike. Ni kwa sababu sheria ya kumziba mbaya itatumiwa na yule aliyeko ofisini, na huyo hukumchagua wewe. Heyer lakini usimsahau unapochagua hivyo.

Wa pili hachaguliwi, unaangukia humo mwenyewe bila kujua. Namna ya kumgundua, kwa mwanasiasa au kwa shirika au kwa yule jamaa unayemfuata, ni kumwuliza mara ya mwisho alimtetea nani asiyempenda, na ilimgharimu nini. Angalia FIRE, shirika la Marekani ambalo wahafidhina walilipenda sana lilipokuwa linavisema vyuo, mwaka 2025 likaifungulia kesi serikali ya Trump kwa kutisha wageni na kuwafukuza nchini kwa sababu ya maoni yao.